Kiti cha Mbele cha Mzee Ndambiri

Katika boma la Celina kule Kanja, mzee wa nyumba alikuwa na umri wa miaka minne na bado alikuwa anaogopa kuku. Hilo halikumpunguzia heshima hata kidogo. Akiingia jikoni, shangazi zake walimpisha kwenye kigoda. Nyama ikipakuliwa, nyanya yake Celina alimtengea kipande cha mwenye nyumba, kisha akamkatia vipande vidogo vidogo kwa sababu meno ya mzee huyo yalikuwa bado ya utotoni. Na Mwaniki, baba yake mzazi, mwanamume mzima mwenye ndevu, alimwita "baba" bila kuona haya.

Huko Embu, kama ilivyo kwa majirani zao Wameru, kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na pamoja na jina hupewa nafasi yake. Mume wa Celina aliitwa Ndambiri. Alifariki, na kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi lake chini ya miti ya makadamia, mke wa Mwaniki akajifungua mvulana. Celina alipowekewa yule mtoto mikononi, alimtazama usoni akaona makunyanzi, akapiga kelele hadi wauguzi wakaja mbio. "Mungu wangu! Amerudi na uso wake uleule!" Watoto wachanga wote huzaliwa na makunyanzi, lakini nani angethubutu kumwambia Celina hivyo siku ile?

Kustaajabu kulikuwa kipaji chake. Wako watu wanaoishi hadi uzeeni bila kushangazwa na chochote isipokuwa bei ya sukari. Celina hakuwa mmoja wao. Aliolewa Kanja miaka ile michai ilipokuwa imeanza kupandwa kwenye vilima vile, akachuma majani hadi ncha za vidole zikawa nyeusi, na bado kila alipomimina chai kikombeni alitikisa kichwa akistaajabu kwamba jani bichi lile limekuwa hivi. Mfereji ulipoletwa bomani, alikaa karibu nao akiufungua na kuufunga mpaka Ndambiri akamuuliza kama ameajiriwa na maji. Na simu ya mkono ilipofika, wiki nzima ya kwanza alisimama wima kila alipozungumza na binti yake aliyeko Nairobi, kwa adabu.

Lakini kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa gari. Na hapa ndipo penye kidonda chake.

Marehemu Ndambiri alikuwa mpakiaji wa lori la majani chai. Kazi yake ilikuwa kunyanyua magunia kwenye vituo, kuyapanga, kisha kupanda juu yake na kusafiri hivyo hadi kiwandani, mvua imnyeshee, jua limuwakie. Mbele walikaa dereva na karani. Maisha yake yote alilisindikiza lori lile bila kuonja kiti cha mbele. Jioni akirudi nyumbani, meno yakigongana kwa baridi ya mlima, alimwambia mkewe, "Celina, siku gari litakapoingia boma hili, mimi nitakaa mbele, niweke mguu juu ya mguu, na mtu asiniulize kitu." Wakacheka wote wawili. Siku ya mwisho alipougua ghafla, jirani aliwasaidia kwa pikapu yake, na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kuketi, walimlaza nyuma juu ya godoro, Celina amemshikilia kichwa. Walipofika kwenye lami ya Runyenjes, Ndambiri alifungua macho akaona mawingu yakipita juu yake. "Hata leo ni nyuma tu," akasema, na mdomo ukataka kutabasamu. Hakufika hospitalini akiwa hai.

Sasa mtu aliyesikia maneno hayo, na ambaye anaamini kwamba mumewe amerudi nyumbani kwa jina, atamkalisha wapi siku gari litakapopatikana?

Gari lilipatikana. Mwaniki, ambaye alikuwa na duka la mbolea na mbegu Runyenjes, alinunua gari jeupe la Kijapani, refu kwa nyuma, lililokuwa limetumika lakini bado linang'aa. Siku ya kulileta Kanja, majirani walijaa uani. Pasta akaliombea mataa, magurudumu na hata tairi la akiba. Mwaniki alipofungua mlango wa abiria na kumwambia mama yake, "Karibu mbele, mama," Celina alirudi nyuma hatua kana kwamba ametukanwa.

"Mimi? Nikae mbele na mwenyewe yupo?"

Akamnyanyua mtoto, akamweka pale mbele juu ya mito miwili ya sofa ili aone barabara. Kisha akaketi nyuma, akafumba macho, akalia kwa furaha njia nzima hadi Runyenjes na kurudi. Tangu siku hiyo kiti cha mbele kikawa cha Mzee Ndambiri. Mtoto alikikalia vilivyo. Aliweka mguu juu ya mguu jinsi alivyofundishwa, na alipochoka alinyoosha miguu akaiegemeza juu ya dashibodi, pale palipokuwa na herufi zilizochongwa kwenye plastiki. Kila Jumapili baada ya kanisa Celina alipangusa matope ya viatu vyake kwenye herufi hizo kwa ncha ya leso. Alidhani ni jina la aliyelitengeneza gari.

Aliyekuwa hana raha ni Karimi, mke wa Mwaniki. Karimi alikuwa Mmeru wa Kibirichia, mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke mpole ambaye upole wake watu waliukosea wakadhani ni woga. Yeye aliona kile ambacho wengine hawakukitazama, kwamba mkanda ulipita shingoni mwa mwanawe badala ya begani.

"Mama, mkanda unamkata," alisema siku moja.

"Basi uwekwe nyuma ya mgongo," Celina akajibu, akaupitisha yeye mwenyewe nyuma ya mgongo wa mtoto. "Ona sasa. Mzee amestarehe."

"Mtoto mdogo anafaa kukaa nyuma, mama. Kwa kiti yake."

"Mtoto gani? Kwenu Meru wazee hukalishwa nyuma na vitunguu?"

Karimi alimtazama mumewe. Mwaniki akatazama usukani. Tusimcheke Mwaniki, kwa maana alikuwa amebanwa pabaya. Ni nani amewahi kumwambia baba yake mzazi, tena mbele ya mama yake, ashuke akakae nyuma?

Kisha likaja jambo la ng'ombe. Walikuwa wakitoka kanisani, na katika kona moja kabla ya Kanja ng'ombe akaingia barabarani bila haraka, jinsi ng'ombe wanavyoingia. Mwaniki akakanyaga breki. Mtoto aliteleza kutoka juu ya mito, akapita chini ya mkanda, na paji lake la uso likagonga dashibodi. Halikuwa pigo kubwa. Kivimbe kidogo tu. Celina akacheka kwa kuondoa hofu, "Mzee amemsujudia ng'ombe!" Mtoto naye akacheka huku machozi yanamtoka. Karimi hakucheka. Alishuka, akamchukua mwanawe, akamalizia safari kwa miguu akiwa amembeba, na gari likamfuata nyuma polepole hadi nyumbani, watu wakitoka mashambani kutazama.

Usiku huo hakugombana na mtu. Alimpigia simu kaka yake.

Thuranira, kaka yake Karimi, alikuwa na yadi kule Meru mjini ambako alinunua magari yaliyopata ajali, akayafungua na kuuza vipuri vyake. Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, kisha akanyamaza muda mrefu. Karimi alielewa ukimya ule. Mama mkwe wa dada yako ni muthoni, na muthoni hupewa heshima ya mbali. Humkosoi. Humwambii "umekosea." Hata ukimwona anaelekea shimoni, unatafuta namna ya kusimama kati yake na shimo bila kumwonyesha kidole. Thuranira alikuwa amelelewa vizuri, na malezi yale sasa yalikuwa yamemfunga kinywa.

"Mkuje likizo," akasema hatimaye. "Mpitie kwangu mkienda nyumbani. Mimi sitaongea. Nitaonyesha."

Likizo ya shule ilipofika wakafunga safari ya Kibirichia kuwaona wazazi wa Karimi. Ni barabara nzuri na ya kutisha ile, inateremka kwenye mito na kupanda tena, kona baada ya kona, mlima ukijificha na kujitokeza upande wa kushoto. Celina aliitazama kupitia dirisha la nyuma akijisemea, jamani, dunia hii ni kubwa. Mzee Ndambiri alilala mbele kuanzia Chuka, kichwa kikining'inia, miguu juu ya dashibodi. Karimi aliomba kimoyomoyo kwenye kila daraja.

Yadi ya Thuranira ilikuwa imejaa magari yasiyo na milango, milango isiyo na magari, na viti vilivyopangwa kando ya ukuta kama kanisani. Aliwapokea kwa unyenyekevu, akamsalimu Celina kwa kuinama, akaagiza chai. Walipomaliza kunywa, akasema, "Muthoni, kabla hamjaenda, kuna kitu ningependa uone. Wewe naambiwa unapenda maajabu."

"Yaonyeshe," akasema Celina, na macho yakamng'aa.

Aliwapeleka hadi kwenye gari lililobondwa kwa nyuma likawa fupi kama kiatu. Mbele lilikuwa zima kabisa. Pale juu ya dashibodi, upande wa abiria, palikuwa na herufi zilezile za Celina. Akazitambua mara moja. "Hata hili limetengenezwa na mtu yuleyule!" akasema.

Thuranira akaleta gunia dogo la viazi, vile viazi vikubwa vya Kibirichia vyenye udongo mwekundu. Akamwomba Karimi ambebe mwanawe, kisha abebe gunia. Karimi akamwinua mtoto, akamshusha, akainua gunia. Akatoa kiazi kimoja, kisha kingine, akipima kwa mikono tu, hadi akasema, "Sasa ni sawa." Alisema kwa sauti ndogo. Mama anaujua uzito wa mwanawe hata gizani.

"Muthoni," akasema Thuranira, "mkalishe kama vile mzee hukaa."

Celina aliona ni mchezo, na michezo aliipenda. Akaweka mto, akaketisha gunia, akalifunga mkanda wa kiunoni, akapitisha ule wa juu nyuma ya mgongo. Gunia likainama mbele kidogo, kama mtoto anayetaka kuona barabara. Akalivuta mdomo uliofungwa kwa kamba ukasimama wima. "Haya, mzee, safari njema," akasema, na wote wakacheka isipokuwa Karimi na kaka yake.

Thuranira aliwarudisha wote mbali, nyuma ya bodi la lori bovu, akawaambia wazibe masikio. Alikuwa na betri na nyaya ndefu zilizofika hadi ndani ya gari lile. "Mimi hii kazi naijua na bado naiogopa," akasema. "Mtu asijaribu kwake." Kisha akagusisha waya.

Pa!

Ardhi iliruka. Kunguru wote wa mtaa ule walipaa kwa pamoja. Ndani ya gari palitanda moshi mweupe, na kutoka ndani ya moshi huo kiazi kikatoka dirishani kikabingirika juu ya changarawe mpaka karibu na miguu ya Celina, kikasimama. Haikuwa imechukua muda wowote. Celina alikuwa ametazama kwa macho yote mawili bila kupepesa, na hakuona kitu kikilipiga gunia. Aliona kabla, kisha akaona baada.

"Tena, anko!" mtoto akapiga makofi. "Fanya tena!"

Moshi ulipotulia wakasogea. Palipokuwa na herufi palikuwa pamepasuka, na mfuko mkubwa mweupe ulining'inia umelegea, mlaini kama shuka la kitanda. Gunia halikuwa mahali pake. Lilikuwa limekunjwa likatupwa katikati ya viti viwili, mdomo wake umeraruliwa pale lilipofungwa kamba. Viazi vya chini vilikuwa vizima. Vya juu vilikuwa vimepasuliwa kama vilivyokutana na jembe, na maji yake yalikuwa yanachuruzika kwenye dari.

Celina alinyoosha mkono akaugusa ule mfuko. Ulikuwa na vuguvugu. Akaketi juu ya tairi, leso imemwanguka begani na hakujua.

"Ni nini hiyo?" aliuliza. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Thuranira alichuchumaa mbele yake, uso chini. "Muthoni, si kitu kibaya. Inaitwa airbag. Gari ikigonga, inafura ikudake usipasuke kifua. Mwaniki akikaa hapo, amefunga mkanda, ameegemea nyuma, hiyo ndiyo itamrudisha kwako akiwa hai. Nimefungua magari mengi hapa yenye watu walitembea wakatoka kwa sababu yake. Lakini imepimiwa mtu mzima. Ya mtu mzima inakuja kwa kifua. Ya mtoto..." Hakumaliza. Aliutazama mdomo wa lile gunia, na Celina naye akautazama.

"Na yetu iko nayo?"

"Iko."

"Tangu lini?"

"Tangu itoke kiwandani."

Basi hapo ndipo Celina aliposhikwa na mshangao ambao hakuwahi kuuonja maishani, na Mungu anajua alikuwa ameonja mingi. Aliona miguu ile midogo ikipumzika juu ya herufi zile. Aliona Jumapili zote alizopinda mgongo kupangusa matope, akisugua kwa mate kitu kile kilicholala kama nyoka. Aliona kona za asubuhi ile, madaraja, malori ya mchanga, ng'ombe aliyeingia barabarani na paji la uso lililogonga pale pale. Pigo kubwa kidogo tu kuliko lile, na kitu kile kingeamka. Ni nani aliyekuwa amekishikilia kisiamke? Alitetemeka kwa hofu, na ndani ya hofu ile kulikuwa na shukrani kubwa kiasi kwamba hakujua aielekeze wapi, akabaki anamwita Mungu wake, "Ngai, Ngai wakwa," tena na tena, hadi Karimi akaja akapiga magoti na kumkumbatia. Wakwe hawa wawili hawakuwa wamewahi kukumbatiana.

"Ulijua," Celina akamwambia.

"Nilijua kidogo, mama. Sikujua ni hivi."

"Ungenipigia kelele."

"Singeweza, mama."

Celina akaitika kwa kichwa. Kweli, asingeweza. Yeye mwenyewe angemfukuza jikoni.

"Ni mpaka lini?" akamuuliza Thuranira baada ya kitambo, akijipangusa uso. "Atakaa mbele akifika wapi?"

"Akikua. Wenye kujua wanasema miaka kumi na mbili, kumi na tatu hivi, ndiyo aanze kufikiria mbele. Saa hii ni nyuma, na kiti yake ya kumwinua. Hapo nyuma pia atakaa na hiyo kiti mpaka mkanda umpite begani, si kwa shingo, na chini umshike nyonga, si tumbo. Na ile ya kupitisha nyuma ya mgongo..." Thuranira akakohoa. Heshima ilikuwa imerudi kumkaba.

"Sema tu, kijana wangu. Ni mimi niliyempitishia."

Mwaniki na Karimi wakaenda madukani, wakarudi na kiti cha mtoto kikiwa bado ndani ya nailoni. Thuranira akakifunga kwenye kiti cha nyuma mwenyewe, akakitikisa, akakitikisa tena. Jua lilikuwa linaelekea Kibirichia na wazee kule walikuwa wanangoja. Mwaniki akawasha gari.

Mtoto hakuwa na habari na haya yote. Alikimbia akaenda moja kwa moja hadi mlango wa mbele, akasimama pale akingoja kufunguliwa jinsi alivyozoea. Mwaniki aliinua mkono kutaka kumzuia, mkono ukabaki hewani. Karimi akafungua kinywa. Celina akawaashiria wote wawili wanyamaze.

"Leo ni nyuma," akamwambia mtoto.

"Nyuma ni ya watoto," yule mtoto akamwambia nyanya yake. Mdomo ulianza kumtetemeka. "Mimi ni mzee. Cucu, wewe ndiyo ulisema. Mimi ni mzee na hapa ni kwangu."

Maneno hayo yalimchoma, kwa maana yalikuwa yake, kila moja. Kwa kitambo alimwona yule mwingine, meno yakigongana kwa baridi, akicheka mlangoni mwa nyumba yao na kuahidi kuweka mguu juu ya mguu. Akapiga magoti kwenye changarawe yenye mafuta, akiwa na nguo zake za safari, macho yake yakawa sawa na macho ya mtoto. Hakumsemesha kwa sauti ya watoto. Alimwita kwa jina, kwa Kiembu, polepole, jinsi alivyomwita mumewe walipokuwa wawili tu.

"Ndambiri. Nimekuzika mara moja. Siwezi mara ya pili."

Mtoto akamtazama. Hakuelewa, au pengine alielewa, nani ajuaye. Aliyatazama machozi ya nyanya yake yakiteremka hadi kidevuni. Kisha yule mzee wa boma la Kanja akauacha mlango wa mbele, akamgeukia, akanyoosha mikono yote miwili juu ili abebwe.